Nyimbo za Kijapani za silabi "ha", na kwa nini Paprika imo humo

SWALI: Naandaa kijitabu cha nyimbo za Kijapani kwa kikundi chetu cha kujifunza lugha hiyo. Nataka zipangwe kwa silabi ya kwanza, kama Wajapani wenyewe wanavyofanya. Nimefika "ha" nikakwama. Orodha ya Kijapani niliyoipata inaweka chini ya は nyimbo kama Bara ga Saita, Paprika na Valentine Kiss, ambazo hazianzi na "ha" hata kidogo. Nikiziingiza kwenye kompyuta zipangwe, napata mpangilio mwingine kabisa. Nani amekosea? Na nyimbo zenye majina ya Kiingereza au tarakimu niziweke wapi?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Una mipangilio mitatu mezani kwa wakati mmoja, na kila mmoja unafuata kanuni yake. Wajapani wanapanga kwa jinsi jina linavyosomwa, likishaandikwa kwa kana, yaani alama zao za silabi. Kompyuta isiyoelekezwa inapanga kwa namba ambayo kila alama imepewa katika mfumo wa Unicode, bila kujali inasomwaje. Wewe nawe, nikilitazama swali lako, unapanga kwa herufi za Kilatini, ndiyo maana B, H, P na V unaziona ni nyumba nne. Kwa Mjapani ni nyumba moja yenye vyumba.

Jedwali la kana huitwa gojūon, "sauti hamsini", ingawa zinazotumika leo ni 46. Linaanza na irabu: a, i, u, e, o. Angalia mfuatano huo vizuri, kwa sababu sisi tumekariri a, e, i, o, u na mkono unateleza bila kujua. Kisha zinakuja ka, sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, wa, kila moja ikipitishwa kwenye irabu zilezile. Safu ya "ha" basi ni ha, hi, fu, he, ho. Safu ya "ya" ina tatu tu, ya "wa" imebakiwa na mbili, na mkiani kabisa kuna ん, "n" inayosimama peke yake. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani za shairi la Kiswahili ataielewa mara moja: "mtu" ni mizani mbili, m-tu, na ん ni kama m hiyo. Ila sisi tunaanza nayo neno na wao hawaanzi. Silabi を nayo siku hizi ni kijineno tu cha kuonyesha kinachotendwa katikati ya sentensi. Ukiziondoa hizo mbili unabaki na silabi 44 za kuanzia jina la wimbo, na "ha" ni ya 26.

Sasa tafuta "ga", "za", "da", "ba" na "pa" katika jedwali hilo. Hazimo. Kila moja ni umbo la silabi nyingine lililoongezewa alama juu upande wa kulia. Vistari viwili vidogo, dakuten, hugeuza か kuwa が, さ kuwa ざ, た kuwa だ, は kuwa ば. Kiduara kidogo, handakuten, kinafanya kazi kwenye safu ya "ha" pekee: は inakuwa ぱ. Aliyepita madrasa atakumbuka jinsi nukta zinavyotenganisha ba, ta na tha juu ya umbo lilelile. Lakini katika alfabeti ya Kiarabu kila moja ina nafasi yake ya kudumu, na hapa sivyo: alama inabadilisha sauti bila kulihamisha neno kutoka kwenye ukurasa wake.

Mtu anaweza kuuliza "ha" na "ba" zina undugu gani, maana "ka" na "ga" zinaeleweka, zinatoka sehemu moja kinywani. Undugu ni wa kihistoria. Konsonanti ya safu hii zamani ilikuwa p, ikalegea ikawa sauti ya midomo iliyo karibu na f, kisha ikaishia kuwa h. Mabaki ya hatua ya katikati unayaona kwenye "fu", ambayo ni ya tatu katika safu ya "ha" na haina safu yake yenyewe. Kwa hiyo p na b ni jirani wa kweli, h ndiye aliyehama.

Na Valentine? Kijapani hakina v ya asili. Neno hilo limeandikwa バレンタイン, "barentain", basi limo. Tahadhari moja: kuna wasanii wanaopenda kuandika v kwa ヴ, ambayo ni silabi "u" iliyotiwa vistari. Wimbo ulioandikwa hivyo unakwenda ukurasa wa "u". Usikisie, angalia jina rasmi kwenye jalada.

Palipo na makosa mengi hata kwa wanaoijua kana ni hapa: alama hizo zinapuuzwa mpaka lini? Wengi wanadhani unaweka kwanza "ha" zote, halafu "ba" zote, halafu "pa" zote. Sivyo. Kamusi za Kijapani, na kiwango cha taifa cha kupanga maneno, JIS X 4061 cha mwaka 1996, vinataka neno zima lilinganishwe kwanza kana kwamba alama hazipo. Chukua maneno matatu: hana (ua), bara (waridi), haru (majira ya kuchipua). Ukivua alama unapata はな, はら, はる. Silabi ya kwanza ni ileile, kwa hiyo inaamua ya pili: na, ra, ru. "Na" iko safu ya tano, "ra" na "ru" zote safu ya tisa, "ra" ikitangulia. Waridi linakaa katikati ya ua na majira: hana, bara, haru. Ni pale tu maneno yanapofanana kabisa baada ya kuvuliwa alama ndipo alama zinapohesabiwa: lisilo na alama mbele, lenye vistari la pili, lenye kiduara la mwisho. Mfano wa kuchekesha kwa masikio yetu ni haha, baba, papa. Zote zikivuliwa alama ni はは, na zinapangwa kwa mfuatano huo. Haha ni mama, baba ni bibi kizee, na papa ndiye baba.

Ukurasa wako wa "ha", kwa nyimbo chache zinazojulikana, utatoka hivi. Kana za mwanzo ni ufunguo wa kupangia, alama zikiwa zimevuliwa. Majina ya watu nimeyaandika ukoo kwanza, kwa sababu faharasa ya waimbaji nayo hupangwa kwa ukoo.

はこねはちり: Hakone Hachiri (箱根八里), Taki Rentarō, 1901
はしれこうたろお: Hashire Kōtarō (走れコウタロー), Solty Sugar, 1970
はと: Hato (鳩), wimbo wa shule, 1911
はとほつほ: Hatopoppo (鳩ぽっぽ), Taki Rentarō, 1901
はな: Hana (花), Taki Rentarō, 1900
はな: Hana (花), ORANGE RANGE, 2004
はなひ: HANABI, Mr.Children, 2008
はなみすき: Hanamizuki (ハナミズキ), Hitoto Yō, 2004
はふりか: Paprika (パプリカ), Foorin, 2018
はまへのうた: Hamabe no Uta (浜辺の歌), Narita Tamezō, 1918
はらかさいた: Bara ga Saita (バラが咲いた), Mike Maki, 1966
はらたいすきんか: Paradise Ginga (パラダイス銀河), Hikaru Genji, 1988
はるかきた: Haru ga Kita (春が来た), wimbo wa shule, 1910
はるよこい: Haru yo Koi (春よ来い), wimbo wa watoto, 1923
はるよこい: Haru yo, Koi (春よ、来い), Matsutoya Yumi, 1994
はれんたいんきつす: Valentine Kiss (バレンタイン・キッス), Kokushō Sayuri, 1986
はろおあけいん: Hello, Again, My Little Lover, 1995

Pitisha kidole kwenye silabi ya pili peke yake, kutoka juu hadi chini: ko, shi, to, na, fu, ma, ra, ru, re, ro. Hakuna iliyoruka zamu. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kukagua ukurasa wowote.

Mambo kadhaa ndani ya orodha hiyo yanahitaji macho. Haru yo Koi mbili zinatofautiana kwa koma tu. Wimbo wa 1994 una koma katikati ya jina na ule wa watoto hauna. Koma, mshangao, mabano na nafasi hazihesabiwi katika kupanga, kwa hiyo zinagongana, na inabidi uamue mwenyewe nani atangulie. Mimi nashauri mwaka. Ukitumia jina la mwimbaji, nyimbo za shule zisizo na mwimbaji wa asili zitakusumbua.

Nyimbo mbili za njiwa nazo huchanganywa daima. Ule wa 1911 unaitwa Hato tu, lakini mstari wake wa kwanza unaanza na "poppoppo", na ndio watu wanaoukumbuka. Mtu anayeutafuta kwa mstari huo ataenda ukurasa wa "ho" na kurudi mikono mitupu. Hatopoppo ni wimbo mwingine kabisa, umeutangulia kwa miaka 10. Hali ni hiyohiyo kwa Hana ya Taki: unaanza "haru no urara no", watu wakaubatiza Haru. Ni vyema kuweka kijiandiko kimoja cha kumrudisha msomaji mahali sahihi, mstari mmoja tu, bila namba ya wimbo.

Kuna pia Hana ya Kina Shōkichi, ambayo nimeiacha nje makusudi. Jina lake lina mkia: "Subete no Hito no Kokoro ni Hana o". Ukiuhesabu mkia, ufunguo unakuwa はなすへて na wimbo unashuka chini ya Hana nyingine hadi kabla tu ya HANABI. Usipouhesabu, unakaa na Hana wenzake. Njia zote mbili zinatumika. Kwa kijitabu cha kuimbia, weka mkia kwenye safu yake na upange kwa jina kuu, kwa sababu hakuna mwanakikundi atakayetafuta wimbo kwa mkia.

Mstari mrefu ー, ule wa kuvuta irabu katika katakana (seti ya kana inayotumika zaidi kwa maneno ya kigeni), umeuona kwenye Kōtarō na Hello. Kanuni ya kamusi ni kuubadilisha kuwa irabu iliyoutangulia: ロー inakuwa ろお. Orodha nyingine zinaufuta kabisa. Tofauti si ndogo. Sūdara-bushi (スーダラ節) ya 1961 kwa kanuni ya kwanza ni すうたらふし, inatangulia Suki ni Natta Hito (好きになった人) ya Miyako Harumi, 1968. Ukiufuta mstari, Sūdara inakuwa すたらふし na kushuka chini ya Suki. Chagua kanuni moja, iandike ukurasa wa kwanza wa kijitabu, usiibadilishe njiani.

Sasa kanji, yaani alama za maneno zilizotoka Uchina, ambako ndiko kazi halisi iliko. Kanji moja ina usomaji zaidi ya mmoja, na jina la wimbo halikuambii ni upi. Tazama 紅, rangi nyekundu. Ikiwa peke yake kama jina la wimbo wa bendi ya X wa 1989, ni Kurenai, ukurasa wa "ku". Katika 紅蓮華 ya LiSA, 2019, ni Gurenge. Ukivua vistari unarudi "ku" hiyohiyo. Katika 紅葉, wimbo wa shule wa 1911, unaisoma pamoja na kanji ya jani, zote mbili kwa neno moja, Momiji, na umefika "mo". Alama moja, kurasa mbili, na hakuna kanuni ya kukuonya. 時 ni hivyohivyo: 時代 ya Nakajima Miyuki (1975) ni Jidai, chini ya "shi", na 時の流れに身をまかせ ya Teresa Teng (1986) ni Toki no Nagare ni Mi o Makase, chini ya "to".

Wakati mwingine msanii ndiye anayeamua. 秋桜, wimbo wa Yamaguchi Momoe wa 1977 uliotungwa na Sada Masashi, una kanji za "majira ya kupukutika majani" na "sakura". Mwanafunzi mwenye bidii atasoma akizakura na kuuweka "a". Wimbo unaitwa Kosumosu, ua la kosmosi, na mahali pake ni "ko". 涙そうそう ni mtego mdogo zaidi: 涙, chozi, kwa Kijapani cha kawaida ni namida, lakini jina ni la Okinawa na husomwa Nada Sōsō. Ukurasa ni "na" vyovyote vile, ila "nada" inatangulia "namida" kwa mbali. Kwa upande wa "ha", jihadhari na miaka 20: 二十歳 husomwa hatachi, na tarehe 20, 二十日, ni hatsuka. Zote zinaingia は bila kuonyesha dalili yoyote.

Tarakimu zinafuata kanuni ileile: soma kwa sauti, andika ulichosikia. 3月9日 ya Remioromen (2004) ni Sangatsu Kokonoka, basi "sa". 22才の別れ ya kundi la Kaze (1975) inaanza na nijūni, basi "ni". 2億4千万の瞳 ya Gō Hiromi (1984) inaanza na nioku, "ni" tena. Usiziweke pamoja mwanzoni mwa kitabu kama kompyuta inavyopenda. Hakuna Mjapani atakayezitafuta huko.

Majina ya Kiingereza pia yanaandikwa kwa kana kwanza. HANABI ni rahisi kwa sababu ni neno la Kijapani lililovikwa herufi za Kilatini. Hello, Again inakuwa ハロー・アゲイン na ndiyo imeifikisha "ha". Wengi wanashangaa hapa: First Love ya Utada Hikaru (1999) ni ファースト・ラブ. Silabi ファ ni "fu" iliyofuatwa na "a" ndogo, na katika kupanga ndogo inahesabiwa kama kubwa. Ukurasa ni "fu", na ufunguo unaanza ふああ. We Are! ya 1999 ni ウィーアー, ukurasa wa "u". CAN YOU CELEBRATE? ya Amuro Namie (1997) inaanza キャ, yaani "ki" na "ya" ndogo, basi "ki", wala si "ka". LOVE LOVE LOVE ya DREAMS COME TRUE (1995) iko "ra", kwa sababu l na r kwao ni kitu kimoja.

Kwa upande wa kompyuta, ukibandika majina kama yalivyo na kuyapanga, utapata yenye herufi za Kilatini kwanza, kisha ya hiragana (seti ya kana ya kawaida), kisha ya katakana, na mwishoni ya kanji. Ukurasa wetu utaanza na HANABI na Hello, Again, ufuate ハナミズキ, バラ, バレンタイン, パプリカ, パラダイス, kisha kanji kwa mfuatano wa 春, 浜, 箱, 花, 走, 鳩, ambao unafuata mashina ya kanji na hauna habari na matamshi. Nadhani ndicho ulichokiona.

Excel ya Kijapani ina fomula ya PHONETIC inayotoa usomaji wa kanji, na watu wanaisifu kupita kiasi. Inatoa tu kile mtu alichokibonyeza kwenye kibodi ya Kijapani wakati anaandika. Jina lililonakiliwa kutoka mahali pengine halina kumbukumbu hiyo, na fomula inakurudishia kanji zilezile. Mbaya zaidi, aliyeandika 秋桜 kwa kubonyeza aki halafu sakura ameacha kumbukumbu ya akisakura, na kompyuta itauweka "a" bila wasiwasi. Makosa ya aina hii hayaonekani, kwa sababu jina lenyewe limeandikwa sawasawa.

Fanya hivi. Tengeneza safu wima nne. Ya kwanza, jina rasmi kama lilivyo kwenye jalada, pamoja na herufi zake kubwa na ndogo. Ya pili, usomaji kamili kwa hiragana, uliouthibitisha kwa wimbo wenyewe au maneno yake yaliyochapishwa. Hii utaiandika kwa mkono na haina njia ya mkato. Ya tatu ni ufunguo: nakili safu ya pili, kisha kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, geuza silabi 20 zenye vistari na 5 zenye kiduara ziwe tupu, geuza ndogo 9 (ぁぃぅぇぉっゃゅょ) ziwe kubwa, ongeza ゔ kuwa う, badilisha kila ー kuwa irabu yake, na futa nafasi na alama zote. Ya nne ni mwaka. Panga kwa ufunguo, kisha kwa usomaji, kisha kwa mwaka. Amri ya pili ndiyo itakayotenganisha haha, baba na papa. Kwa nyimbo 200, ubadilishaji wote unachukua muda mfupi. Kinachokula siku ni safu ya pili.

Hakikisha safu ya pili iko katika hiragana yote. Ukiacha パプリカ kwa katakana, orodha zako za kubadilisha hazitaigusa, itaanguka chini ya hiragana zote, na utadhani kanuni ndiyo imeshindwa.

Ukilazimika kuanza na majina ya Kilatini, kumbuka kuna mifumo zaidi ya mmoja. "Shi, chi, tsu, fu, ji" za mfumo wa Hepburn ndizo "si, ti, tu, hu, zi" za Kunrei. Kwa hiyo Tsugaru na Tugaru ni jina moja, na "chi" haina uhusiano na safu yoyote ya ch. Ni ya pili katika safu ya "ta". Kinachouma zaidi ni kile kistari juu ya ō. Kinaficha tahajia mbili, おう na おお. Ōkina Furudokei, "saa kubwa kuukuu", ni おおきな. Kōjō no Tsuki ni こうじょう. "U" inatangulia "o", basi ukikisia vibaya jina linaruka mistari kadhaa. Kiswahili hakina tatizo hili maana tunaandika "kaa" kwa irabu zote mbili. Fanya vivyo hivyo, na angalia kamusi ujue ya pili ni u au o.

Jina la kigeni la wimbo lisikuhamishe pia. Wimbo wa Sakamoto Kyū uliopanda namba moja Marekani mwaka 1963 kwa jina Sukiyaki, ambalo ni chakula cha nyama na halimo hata mara moja katika maneno yake, huko kwao ni Ue o Muite Arukō (上を向いて歩こう) wa 1961. Mahali pake ni "u". Chini ya "su" weka kijiandiko cha kumwelekeza msomaji, hicho tu.

Ukigawa kurasa, "ha" ipe nafasi kubwa, kwa sababu hana na haru zitaendelea kuingia. "Sa" nayo, kwa ajili ya sakura na sayonara, na "a" pamoja na "ko", ambako kuna ai, ame, anata, koi na kokoro. "Nu" itakutosha nusu ukurasa. Ukifika safu ya "ra" utaona jambo jingine: karibu kila jina ni la kigeni, kama Lemon ya Yonezu Kenshi (2018) na Robinson ya Spitz (1995), kwa sababu maneno ya Kijapani cha asili hayakuwa yakianza na r. Hata Ringo no Uta ya 1946, wimbo wa tufaha ulioimbwa nchi nzima baada ya vita, unaanza na neno lililotoka Uchina.